Mafuta Juu ya Shaba

Nilizungusha ufunguo wa leza, nikauchomoa, nikautia mfukoni. "Sibandiki," nikasema.

Mjomba wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha vipimo, shati limemganda mgongoni, simu ya hospitali ikiita mkononi mwake. Nyuma yake, uani, lori lilikuwa limeshawashwa. Mitungi ya oksijeni ilikuwa imepangwa juu yake, imefungwa minyororo, ikingoja kitu kimoja tu: kibandiko changu cha kijani shingoni mwa kila mmoja. Bila kibandiko hicho hospitali haipokei.

"Rudia," akasema.

"Sibandiki, Mjomba."

Kazini nilimwita Mkurugenzi, kama wenzangu wote. Siku ile lilinitoka jina la nyumbani, na sikulirudisha.

Yeye ndiye aliyenilea. Baba alipofariki, mama alirudi kwa kaka yake akiwa amenibeba mgongoni, na kaka yake akanisomesha hadi chuo kikuu, fizikia ya mwanga, somo ambalo hakuwahi kulielewa lakini alilitaja kila mahali kama cheo cha jeshini. "Mpwa wangu anasomea mwanga," aliwaambia watu, wengine wakadhani naunganisha umeme majumbani. Niliporudi na shahada yangu alininunulia mtambo wa leza, akaniwekea chumba katika karakana yake. Hospitali zilituletea mitungi iliyochoka. Tuliibadilishia valvu, tukaisafisha, tukaipima, tukairudisha. Mimi nilikuwa jicho la mwisho.

Oksijeni haipatani na mafuta. Grisi ile ile inayonyamazisha bawaba ya mlango, ikiwa ndani ya valvu ya oksijeni, inaweza kuwaka moto pale muuguzi anapofungua mtungi kwa haraka, bila kiberiti, bila cheche ya mtu. Na hayo mafuta ninayoyasema hayaonekani. Unapitisha kidole juu ya shaba, kidole kinatoka kikavu, unaapa ni safi.

Leza haiapi. Inapiga pigo moja la mwanga, fupi kuliko kupepesa jicho, na ngozi nyembamba ya juu ya chuma inageuka cheche. Cheche ile ina mwanga wake, na kila kilichomo ndani yake kina rangi zake. Kifaa kinazitenganisha, halafu kwenye skrini vinasimama vilele: shaba hapa, zinki pale. Wafanyakazi waliuita mtambo huo Mpelelezi. Waliniletea pete zao wakati wa mapumziko. "Muulize huyu kama mume wangu alinunua dhahabu au alinunua maneno." Kuna ndoa moja ilitikisika kwa ajili yetu.

Asubuhi ile Mpelelezi alinionyesha kilele ambacho hakikupaswa kuwepo. Kaboni. Mafuta yamejaa kaboni; shaba ya valvu zetu haikuwa nayo ndani yake. Nilipiga tena palepale, kilele kikatoweka. Basi uchafu haukuwa ndani ya chuma. Ulikuwa juu, utando mwembamba ambao pigo la kwanza lilikuwa limeupeperusha. Nikachukua valvu nyingine, na nyingine. Kaboni, kisha hakuna. Kaboni, kisha hakuna.

Nilikwenda kwanza chumba cha kuoshea. Kiongozi wa waoshaji alikuwa mama mrefu wa mabega mapana tuliyemwita Komando. Alinisikiliza mikono kiunoni, povu likimtiririka viwikoni.

"Kwa hiyo mimi ndiye mchafu."

"Sijasema hivyo, dada."

"Umesema kwa mdomo wa mashine."

Nikamwomba anipe valvu mbili zilizotoka kuoshwa, na anifuate. Moja niliiacha ikauke yenyewe chini ya taa. Nyingine aliikausha yeye kwa hewa ya kompresa, kama walivyokuwa wakifanya zote. Nikazipiga leza mbele yake. Ile ya taa ilikuwa safi kama maji ya kunywa. Ile ya kompresa ilisimamisha kilele cha kaboni hadi Komando akarudi nyuma nusu hatua.

Tukatazamana. Kompresa ile ilikuwa ngeni kwetu. Mjomba aliileta mwenyewe wiki hiyohiyo, akaipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa maziwa, akajisifu jinsi alivyoipata. Sasa ilikuwa ikitema ukungu wa mafuta juu ya kila tulichokikausha.

"Nani atamwambia?" Komando aliuliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshakumbuka kazi yake kwenye beseni.

Nilimwambia mimi. Nilimvuta kutoka pale mlangoni hadi kwenye skrini, nikamweleza polepole. Alitazama, sitasema hakutazama.

"Vilima," akasema mwishowe. "Unanionyesha vilima, na kule kuna watu wanatafuta pumzi."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Hospitali ilikuwa ikipiga simu tangu alfajiri.

"Ndiyo maana siwezi kuwapelekea moto, Mjomba."

"Valvu zinang'aa!"

"Zinang'aa mafuta."

Alinikodolea macho. Nadhani kama tungekuwa peke yetu angekaa chini. Lakini mlangoni kulikuwa na watu, naye alikuwa mkurugenzi, na kompresa alikuwa ameinunua yeye. Akamwita mtunza stoo. "Chukua vibandiko. Bandika." Mtunza stoo alinitazama mimi, akatazama sakafu, akachukua.

Nilikaa pale nikisikia vibandiko vikichanwa kutoka kwenye karatasi yake huko nje, kimoja baada ya kingine. Hasira ilinipanda taratibu. Kijani kile kilikuwa neno langu. Mtu alikuwa akilitoa kinywani mwangu na kulibandika kwenye kitu nilichokuwa nimekikataa.

Nikatoka, nikapanda lori, nikaanza kubandua.

"Shuka!" Mjomba alifoka.

"Sishuki."

"Nitakufukuza kazi leo hii!"

"Nifukuze. Ila ngoja nimalize."

Dereva alizima injini. Alidai baadaye kwamba alikuwa anaokoa mafuta, lakini sote tulijua alitaka kusikia vizuri. Katika ukimya ule nilimpigia fundi wa oksijeni wa hospitali, nikiwa nimeegemea mitungi, kucha zimejaa gundi. Nilimweleza yote bila kuficha. Alishusha pumzi ndefu. "Tutaazima kwa majirani," akasema. "Tutajibana. Usiilete."

Niliporudisha simu mfukoni, lori liliyumba kidogo. Komando alikuwa amepanda, aproni bado inachuruzika. Hakunitazama. Alishika mtungi wa kwanza upande wa pili na kubandua.

"Ishushwe yote," alimwambia mjomba bila kugeuka. "Valvu naziosha upya. Ila hewa yako ile sikaushii tena, bosi. Hata nikae hapa nazipepea kwa kanga."

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mjomba aligeuka, akaingia ofisini, akafunga mlango kwa upole. Afadhali angeubamiza.

Nilifukuzwa jioni ile, kwa maneno mawili, mbele ya wote.

Nyumbani nilimkuta mama ameshapata habari. Nilijiandaa kwa vita. Aliniwekea chakula, akakaa mkabala nami.

"Kaka yangu anasema umemvua nguo mbele ya watu."

"Ningeiacha mitungi itoke vile, mama, ingekuwa afadhali?"

"Mimi sina la kusema," alisema. "Wewe ni wangu na yeye ni wangu. Lakini kama umesimama, usije ukaenda kumwomba msamaha ili mimi nifurahi. Sitafurahi."

Sikuomba. Nilipata kazi kwingine, kwenye kiwanda cha vipuri vya ndege, ambako kibandiko changu hakiguswi na mtu. Kompresa ile, Komando aliniambia, iliondolewa karakanani kimyakimya, na mitungi ikatoka ikiwa safi kweli. Hakuna aliyetaja jina langu.

Miaka imepita. Mjomba amezeeka, na hadithi ya lori amekuwa akiisimulia kila ndugu wanapokusanyika, kwa namna yake. Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa karibu naye, nimemkatia nyama kwa sababu mikono yake sasa inatetemeka.

"Huyu," aliwaambia wajukuu, "alinisimamishia lori zima. Eti itawaka moto! Na mnajua mitungi mingapi ililipuka?" Akawazungushia macho, akainua kidole. "Hakuna. Hata mmoja!"

Watoto wakacheka. Mama alinitazama kutoka upande wa pili wa meza.

"Hata mmoja, Mjomba," nikasema, nikamsogezea sahani.