Mstari wa Jumatatu

Saa nne kasorobo, wenzake wakinywa chai, Mwalimu Mithika alipanda juu ya dawati katika ukumbi wa shule ya msingi huko Kibirichia, akayachunguza mabati. Ukumbi haukuwa na dari. Huko juu hakukuwa na saruji yoyote, ila mbao, misumari na popo wawili waliolala. Akashuka, akapangusa kiti chake. Vumbi la saruji lilikuwa limeanguka tena, kama lilivyoanguka kila mara darasa la sita la Madam Hidaya lilipokariri shairi la mama mmoja wa Gaza.

Watu walikwisha kulizoea. Mwalimu mkuu, Madam Virginia, alisogeza zamu ya kufagia ikawa baada ya mazoezi. Kathure wa jikoni alifunika sufuria za githeri mapema. Wazazi waliokuja kusikiliza walivaa nguo za shambani. Vumbi lenyewe lilikuwa la kijivu, likimwangukia yeyote aliyesikiliza. Aliyekaa pale akichezea simu hakupata hata chembe.

Shairi lilitoka mjini Meru kwa Abdulatif, mjomba wa Hidaya, mwenye bucha, ambaye anajua Kiarabu na ndiye aliyelitafsiri. Hidaya alipolinakili daftarini lilikuwa na mistari minane. Jumatatu iliyofuata lilikuwa na tisa. Mama yule alikuwa bado anaandika huko kwake katikati ya vita, na alichoandika kilijiongeza katika daftari la Kibirichia, kwa mwandiko wa Hidaya na wino wa kalamu yake. Watoto walijifunza mstari mpya kabla ya somo la hesabu. Wiki moja ulisema: *Jirani ameniletea mlango wake, kwa kuwa nyumba hana tena, nimepikia dengu.* Wiki nyingine: *Mwanangu anauliza kama shule imekufa au imelala.*

Mithika alimwonea wivu yule mama, na hakuna namna nyingine ya kulisema hilo. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa mshairi wa shule. Mwaka huo alikuwa na "Kiazi, Mlezi Wetu", beti kumi na mbili, vina vya kati na vya mwisho, mizani haipungui wala haizidi. Watoto wake walipolikariri, wazazi walipiga makofi na kutazama saa. Siku tatu mfululizo aliketi ukumbini akingoja lishushe kitu, hata udongo kidogo, hata ganda la kiazi. Siku ya tatu popo mmoja alimnyea begani. Mtu mzima mwenye shamba, ng'ombe wawili na mke anayemjali, anamwonea kijicho mwanamke aliyegeuza mlango wa jirani kuwa kuni!

"Madam, hiyo shairi yako inachafulia watu nguo," alimwambia Hidaya.

"Si mimi nachafua, Mwalimu. Inatoka kwao huyo mama."

"Na haina vina."

"Nilimuuliza mjomba. Akasema labda huyo mama hana nafasi ya kutafuta vina."

Tamasha la Embu lilipokea shairi moja tu kutoka kila shule, na mwamuzi, Bwana Njuki, alikuwa aje Ijumaa kuchagua. Mithika alijua kwamba vumbi lile lingembwaga. Jumapili, kanisani, mchungaji aliwaambia waumini kila mmoja aombe kimyakimya haja ya moyo wake. Mithika alifumba macho, akaomba kalamu ya yule mama ikauke. Kisha akasema amina pamoja na wengine.

Jumatatu mstari ulikuja: *Kesho nikipata maji nitafua sare ya*

Uliishia hapo. Hidaya alingoja hadi Alhamisi, kisha akawafundisha watoto kama ulivyokuwa.

Ijumaa Njuki aliketi mbele na karatasi yake ya alama. Viazi vilitangulia, makofi yakapigwa. Kisha darasa la sita likasimama. Msichana aitwaye Kiende aliusema peke yake mstari wa mwisho, akanyamaza pale uliponyamaza. Vumbi likaanguka, zito kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza likamwingia Mithika machoni. Njuki aliipuliza karatasi, akakung'uta kofia, akaandika.

"Uwasilishaji ni mzuri sana," alisema. "Hata hilo vumbi mmelitumia vizuri. Lakini shairi halina mwisho. Hapo nimekata alama mbili."

Viazi vilipata themanini na nane. Mama wa Gaza akapata themanini na saba.

Kila mtu alimpa Mithika mkono. Hidaya naye alimpa wake, uliojaa vumbi. "Hongera, Mwalimu." Mithika alitaka kufurahi, furaha ikakataa kuja. Kutwa nzima alihesabu siku zilizobaki kufika Jumatatu.

Jumatatu alifika kabla ya kengele, akaliomba daftari.

"Si ulishinda, Mwalimu? Sasa daftari ni ya nini?"

"Naangalia tu kama ameandika."

"Hajaandika."

"Hata neno moja?"

"Hata moja." Akamfungulia ukurasa ajionee.

Watoto wa viazi walikwenda Embu, wakarudi na kikombe, nacho kiko ukumbini juu ya kabati linalohifadhi daftari. Vita vinaendelea, redio huvitaja kila siku kabla ya habari za michezo. Darasa la sita hukariri shairi la yule mama kila Jumatatu na kukoma penye *sare ya*. Vumbi huanguka, walio na zamu hufagia, na kikombe hupanguswa.

Sasa Mithika hutoka nyumbani mapema siku hiyo. Huchota maji mtoni, maji baridi yatokayo mlimani, mtungi wa lita ishirini, akauweka kando ya kabati pamoja na kipande cha sabuni ya mche. Hajamweleza mtu, wala hakuna aliyeuliza. Jumanne huukuta umejaa vilevile, na Kathure huyachukua yale maji akaoshea viazi.