Jina la Kumi na Nne

...kura tisa, anarudia mwenyekiti Tamimu, kura tisa tu zimetunyima udiwani, na Hashimu, katibu wa chama, anayetakiwa kuandika barua ya kuwafukuza wanachama kumi na watatu, ameshika kalamu na hajaandika ila tarehe, siku ya ishirini na mbili tangu mkewe Mwanaheri, maana siku hizi hahesabu kwa namna nyingine, "Watu wa maji wametuuza!" anasema Tamimu, na watu wa barabarani, wale wa maduka na bodaboda, wanapiga meza, mmoja anadakia, "Kura zao zimeliwa na kaa!" wanacheka, na Hashimu naye nusura acheke, Mwanaheri angecheka, angeziba mdomo kwa upindo wa kanga, mzaliwa wa Salale yule, kaa wa mikokoni walikuwa majirani zake, ndiyo maana aliusia azikwe huko kando ya mama yake, na alfajiri ya siku ya uchaguzi alipokata roho watu wa maji, wale wa nyavu na ngalawa, hawakuuliza habari ya kura, walileta boti... "Mzee Mwinyimvua, jibu basi. Kuzika tumekubali, Mwalimu Hashimu, pole tena, lakini mazishi yalipangwa saa saba, kituo kinafungwa saa kumi, mlikuwa mnafanya nini huko?" Mwinyimvua, mkubwa wa watu wa maji, anaigeuza kofia mapajani. "Tulichelewa, mwenyekiti. Andikeni tu." "Mlichelewaje?" "Maji yalitutoka."

Maji yalitutoka, ndivyo alivyoambiwa Hashimu naye siku ile, Mwalimu, maji yamekupwa, tulale tu, akakubali, siku ile angekubali lolote, lakini jiografia ameisoma chuo kikuu na kuifundisha miaka kumi na tisa, maji yalijaa saa tano asubuhi, basi mpaka saa nane mfereji ulikuwa bado unapitika, na Mwinyimvua hakosei maji, hajapata kuyakosea, ila kama aliyaacha yaende... anamwona tena akitoka makaburini, shati limeloa tope mpaka kifuani, na kaburi kavu halimpaki mtu tope hivyo, anawaona wanaume wakikimbia na majembe upande mwingine kabisa, kule juu kwenye minazi, na yeye amezuiwa barazani, "Kaa kwanza, Mwalimu, kahawa ndiyo inachemka," kikombe cha pili, cha tatu, cha nne, mtu gani hunyweshwa kahawa vikombe vinne mkewe angali juu ya jeneza... kumbe kaburi la kwanza liliingia maji. Walichimba la pili. Walichimba mpaka wakapata mwanandani mkavu wa kumlaza, huku wanautazama mfereji unakauka na kura zao zikikauka nao, wakarudi barazani wakamwambia maji tu, na leo Mwinyimvua yu radhi aitwe msaliti mbele ya watu kuliko mfiwa asikie kwamba mkewe nusura alazwe majini.

"Waongo hao," anasema mtu wa dirishani, "hata sababu ya maana hawana!" na Mwinyimvua hamtazami Hashimu hata kwa jicho la pembeni, anaogopa jicho lisije likasema, na Hashimu, ambaye siku ishirini na mbili hajaweza kuomba dua ikafika mwisho, anasikia shukrani inampanda kifuani taratibu kama maji yanavyorudi, Mwanaheri, umelala pakavu, alhamdulillahi, umelala pakavu... "Katibu, unaandika?" "Naandika, mwenyekiti." Majina kumi na matatu, anayahesabu, na boti ile ilirudi kesho yake na watu kumi na wanne, wa kumi na nne naye hakupiga kura, Tamimu amemruka makusudi kwa kumhurumia, hata huyo Mungu amlipe, wema umemzunguka chumba kizima na wenyewe wanagombana, "Kura tisa!" anasema Tamimu, meza zinapigwa, na Hashimu anainamisha kalamu, anaandika namba moja, na mbele yake jina lake mwenyewe.