Gari Lisilolia Lilipita Nyuma ya Wazee

Uvumi huo Norina aliupata buchani, na tangu hapo haukumtoka: akiosha vyombo upo, akikunja nguo upo, akifumba macho ndiyo kwanza unakaa kitako. Iole msusi ndiye aliyeuleta. Alikuwa mbele yake kwenye foleni, akageuka na ule uso wake wa mtu mwenye habari ya moto.

"Shoga, umesikia? Gari jipya la Malvisi ni bubu."

"Bubu vipi?"

"Halilii! Mpwa wangu limempita njia ya mlimani, bado limebandikwa makaratasi ya madoadoa lisijulikane. Anasema limempita kama paka. Na kwa nyuma, wee! Kwa nyuma limekaa kama bata anayetoka majini."

Hapo Iole akakumbuka anaongea na nani. Akajishika mdomo, akaanza kuulizia soseji kama mtu asiyewahi kuziona. Maana sehemu ya nyuma ya gari hilo ilichorwa na Ombretta, na Ombretta ndiye mtoto wa pekee wa Norina.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Norina alirudi nyumbani ameiacha nyama juu ya kaunta.

Tangu zamani alikuwa mtu wa hofu. Aliogopa upepo wa shingoni, aliogopa nywele mbichi, aliogopa kuoga mtoni baada ya kula. Lakini hizo zilikuwa hofu za kila mama. Hii ilikuwa nyingine. Siku chache kabla, mezani, Ombretta alikuwa amemwambia bila hata kuinua macho kwenye sahani:

"Mama, kuna kiwanda cha magari Ujerumani, kule Stuttgart, kinanitaka. Nimewaambia wasubiri Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Tunalitoa gari likiwa uchi, bila makaratasi. Litapita hapa mjini mchana kweupe. Wakilipenda, nabaki. Wakilikataa watu wangu mwenyewe, nifanye nini hapa? Nikauze maua?"

"Maua yana ubaya gani?" Norina aliuliza, na binti yake akacheka kicheko kisicho na furaha.

Kulikataa kulikuwa rahisi mno, hilo Norina alilijua. Pale Borgo Sant'Elmo, mji wa kiwanda cha magari cha Malvisi, gari husikika kabla ya kuonekana. Silinda kumi na mbili zikiamka kiwandani, mlio huja juu ya mashamba ya mizabibu, ukaingia madirishani, vikombe vikatetemeka kabatini. Watoto huuiga mlio huo kabla hawajajua kuhesabu. Sasa wakubwa wa kiwanda walikuwa wameliwekea gari jipya injini ndogo zaidi, na pembeni yake turbo mbili, yaani vipangaboi viwili vya kuisukumia hewa kifuani. Nguvu ikaongezeka kuliko magari yote yaliyotangulia. Sauti ikanywea.

Na mahakama yenyewe ilikuwa barazani kwa Vainer, mwenye baa. Hapo kuna benchi kando ya barabara ya majaribio, na wazee wa mji hulikalia kwa namna moja tu: mgongo barabarani, uso ukutani. Gari husikilizwa. Ukiligeukia gari lisilostahili, siku hiyo kahawa ya wote ni juu yako, na utani juu yake. Lakini gari likiwageuza wazee wote shingo, basi limepita mtihani, hata magazeti yaseme nini.

Gari bubu litamgeuza nani?

Norina akapika tortellini, zile tambi ndogo za nyama za kukunjwa kidoleni, akazibeba kwenye bakuli hadi kwa mzee Learco. Huyu ndiye shingo kubwa ya benchi. Miaka yake yote alifanya kazi ya kusikiliza injini kiwandani, na akikohoa yeye, wengine wote wana mafua.

"Learco, Jumapili utageuka?"

"Likinigeuza."

"Nakuomba ugeuke hata kidogo. Jifanye unamtafuta mhudumu."

Mzee akafunua bakuli, akanusa, akafunika. "Norina, shingo yangu hainunuliwi kwa tortellini."

"Basi nirudishie."

"Sijasema sizitaki." Akaliweka bakuli upande wa pili wa kiti chake. "Sikiliza, mama. Silinda kumi na mbili ni kwaya ya kanisa. Turbo ni mtu anapuliza supu ya moto. Mimi siwezi kugeukia supu."

"Kwa hiyo utalisema vibaya?"

"Sitalisema kabisa. Lisipolia, kwangu mimi halijapita."

Hilo lilimwumiza Norina kuliko tusi. Tusi hujibiwa. Mtu anayesema hukupita, utamwambia nini?

Jumapili ikafika na jua lake. Misa ikaisha, watu wakamwagika barabarani kama siku ya arusi. Vijana walipanda kwenye kingo za madirisha na simu mikononi. Wazee wakaketi benchini, migongo minne mipana kama magunia. Katia, fundi wa pikipiki, msichana mwenye ulimi wa wembe, aliegemea mlango wa baa akiwachokoza.

"Mzee Learco, hiyo injini ya turbo ina kifua kuliko zako zote."

"Kifua bila sauti ni cha nini? Hata kuku wa supu ana kifua."

"Kwenye mlima itakuacha unaimba kwaya peke yako."

"Nitaimba. Wewe utakuwa unapuliza supu."

Watu wakacheka. Vainer akasema yeye hana upande, yeye anauza kahawa, na mzee mmoja akamwambia ndiyo maana kahawa yake haina ladha.

Nyumba ya Norina ilikuwa mbele kidogo ya baa, upande wa pili wa barabara. Alikuwa amekaanga gnocco sinia zima, vile vipande vya unga vinavyovimba kwenye mafuta, kwa wazo kwamba watu wenye midomo iliyojaa hawasemi mengi. Akatoka na sinia mikono miwili. Akafika ukingoni. Akafanya kama alivyofanya tangu msichana mdogo, kama mama yake alivyofanya, kama mji mzima unavyofanya: akasikiliza. Njiwa. Mtoto analia. Katia anacheka. Hakuna mlio. Barabara ni nyeupe.

Akavuka.

Gari lilikuwa limeshaupita mgongo wa mwisho wa benchi. Wazee walihisi tu upepo umewapuliza visogo na karatasi za kupangusia midomo zikaruka mezani. Kisha ukasikika mluzi mwembamba, kama wa ndege kichakani, na juu ya mluzi huo ukelele wa Norina, na sinia likalia kwenye mawe.

Shingo zote nne zikageuka.

Walichokiona kwanza ni nyuma yake. Gari jekundu limejikunja barabarani kwa breki, limeinua makalio, na taa zake za nyuma zimewaka mstari mmoja kutoka bega hadi bega, kama kaa la moto lililopulizwa. Mbele yake, kitambaa chake cha upishi kikigusana na pua ya gari, Norina amesimama, mikono bado imekamata sinia ambalo halipo.

Mlango wa abiria ukafunguka kwenda juu. Ombretta akaruka nje, uso mweupe kama chokaa.

"Mama! Huangalii?"

"Nilisikiliza!"

"Ulisikiliza nini, mama? Halilii! Si ndiyo mji mzima unanisema kwa hilo?" Akamkumbatia, akampapasa mabega, mikono, kiuno, kama anatafuta kilichovunjika. Iader, dereva wa majaribio, alibaki ameshika usukani, anaomba watakatifu wote kwa majina.

Wazee walikuwa wamesimama. Norina aliwaona wanakuja na akajiandaa kupewa pole.

"Umeona lilivyosimama?" alisema wa kwanza. "Halikupiga hata kelele ya tairi!"

"Limesimama kama limefika ukutani. Hizo breki ni za treni."

"Breki sawa, lakini hayo makalio! Tazama. Ni bata."

"Bata wa kwenu. Mimi naona bibi arusi anapanda ngazi."

"Bibi arusi mwenye makalio hayo hapiti mlangoni."

"Norina, hebu sogea, tuone pua."

"Nusura nife hapa!" Norina alifoka.

"Hujafa. Sogea kidogo tu, mkono wa kushoto."

Akasogea. Nani angewaweza? Gnocco zilizonusurika zilishaanza kuliwa pale pale chini na vijana, na Katia alikuwa amelala kifudifudi barabarani anachungulia chini ya gari, anapiga ukunga kwa kila alichokiona.

Learco alijitenga nao. Alilizunguka gari mara moja, polepole, uso umeiva.

"Limepita hapa?" hatimaye aliuliza. "Nyuma yangu mimi?"

"Limepita, mzee."

"Limenipita kama mwizi."

"Limekupita kama ujana," Katia alisema kutoka chini ya bampa, na kicheko kikapanda hadi madirishani. Mzee alijaribu kununa, midomo ikamsaliti.

"Iader, liwashe."

Injini ikaamka kwa ngurumo ya chini, ya tumboni. Learco akapiga magoti nyuma, akaweka sikio karibu na bomba la moshi. Iader akakanyaga mafuta kidogo, mluzi ukapanda, ukashuka. Watu wakasogea kumzunguka.

"Inapiga mluzi," Learco alisema. "Injini ya Malvisi inapiga mluzi kama kijana anayepita chini ya dirisha la mchumba wake."

"Ni vibaya?" Ombretta aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya miaka ile ya shule.

"Sijasema vibaya. Na nzuri sijasema." Akaelekeza kidole kwenye ule mstari wa taa. "Haya makalio kayachora nani?"

"Mimi."

"Yasiguswe na mtu. Lakini huo mluzi... Kesho nakuja kiwandani. Nina maneno na nyinyi."

"Bata!" yule mzee wa bata alipaza sauti.

"Nyamaza wewe, uliolewa na bata!" mwenzake wa benchi akamjibu.

"Nilioa!"

"Kwenu nani anajua!"

Na vita vikaanza upya. Waliopenda umbo walichukia ukimya, waliopenda mbio walichukia umbo, na Vainer, asiye na upande, alisikika akiapa kwamba hajaona gari zuri kama hilo tangu azaliwe. Tambi za mji mzima zilikuwa zinapoa mezani, na wake waliokuja kuwaita waume walibaki nao wanabishana.

Ombretta alikuwa akilia na kucheka. Norina akamshika kidevu.

"Wamekutukana, mwanangu?"

"Hujaelewa, mama. Unalikumbuka lile gari la familia, la milango minne? Lilipopita hapa, wazee walisema 'haya', wakaendelea na karata. Basi. Halikutajwa tena, na aliyelichora alihama. Tazama hawa! Watagombana mwaka mzima."

"Na Stuttgart?"

"Nitaendaje, na Learco anakuja kesho kunigombeza?"

Norina akambusu, akambusu tena, kisha akaletewa kiti. Akiwa hapo ameketi, aliwaona watoto wawili wa Iole wanakimbia kutoka baa kwenda ng'ambo, vichwa chini, hawatazami kulia wala kushoto. Walikuwa wanasikiliza. Akasimama akapiga kelele kiasi kwamba hata Learco alinyamaza, na aliyowaambia siku ile ni haya, na kila mzazi awaambie wake. Ya kuepuka:

Kuvuka barabara kwa sikio. Tazama kushoto, tazama kulia, kisha kushoto tena.

Kubeba sinia mikono miwili barabarani.

Kukaa mgongo barabarani na mtoto mapajani.

Kusimama mbele ya gari lililosimama na injini inawaka.

Kulala chini ya gari, hata kama ni fundi, kabla dereva hajatoa ufunguo.

Kumpigia mtu kelele ya furaha akiwa katikati ya njia. Mwache kwanza afike.