Binti wa Kaka Yake

Julienne, msusi Mkongo, alipanda mapema hadi fletini kumtengeneza Bi Winnie nywele, maana siku hiyo mgeni wa makumbusho ya maigizo alikuwa anakuja kutoka Uingereza kumhoji.

"Eish, Mama Nasibu! Huyu bibi iko na nywele kama ya kifaranga. Nitashika wapi?"

"Shika polepole, na umsifu," Amne alimjibu. "Lugha haijui, lakini kicheko anakisikia."

Amne, mjane wa Tanga, alikuwa na mwaka wa tatu akimtunza bibi huyo wa miaka tisini na tatu katika fleti yake ya South Beach. Ukutani ilitundikwa picha ya Adela Thornbury, mwigizaji ambaye mwanzoni mwa karne watu wa London waliwafungua farasi wa gari lake, wakalivuta wenyewe hadi nyumbani kwake.

Julienne alipoondoka, Bi Winnie aliuliza, "Mbona anakuita Nasibu?"

"Ni mwanangu wa kwanza. Kwetu ukishazaa unaitwa mama kwa jina la mtoto."

"Mbele za watu?"

"Hata sokoni. Hata msibani."

Bibi aliitazama picha. "Na huyu angeitwa nani?"

"Mama Winnie."

Machozi yakamtoka bibi. Amne peke yake ndiye aliyekuwa ameambiwa siri yake. Adela alizaa bila ndoa, na kwa kuwa mashabiki walimpenda kama mwali, mtoto alitangazwa kuwa binti wa kaka yake. Jumapili, siku ambayo ukumbi ulifungwa, Adela alikuwa akifunga mlango, anapangusa poda usoni, anampakata Winnie na kumlisha mkate kwa mkono wake. Lakini hata humo ndani neno "mama" lilikatazwa. "Ulimi hautofautishi chumbani na ukumbini," alikuwa akimwambia. "Siku utakayolisema, umeniua."

"Leo nitasema," alisema Bi Winnie. "Kabla sijafa, iandikwe kwamba nilikuwa na mama. Nikikwama, Amne, wewe nisukume."

"Nitakusukuma, bibi."

Mgeni akaja, mtu mpole mwenye jalada kubwa. Alikunywa chai, akauliza habari za nguo, za barua, za maua yaliyojaa ngazini. Bi Winnie alijibu vizuri, mashavu yamemwiva. Kisha mgeni akainua kalamu.

"Na shangazi yako alikuwa mtu wa namna gani nyumbani?"

Amne aliona vidole vya bibi vikisokota pindo la shali. Alingoja, akahesabu pumzi, akakumbuka kwamba anayeficha ushahidi moyo wake unaingia dhambini. Akaiweka birika chini.

"Si shangazi, bwana. Ni mama yake mzazi."

Mgeni akageuka. "Ni kweli, madamu?"

Bi Winnie akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri, cha kijana, ambacho Amne hakuwahi kukisikia.

"Usimjali. Hawa kwao kila mwanamke ni mama wa mtu. Hata mimi wangenitafutia mtoto." Akapokea kikombe. "Shangazi yangu alipenda mkate na siagi. Andika hivyo."

Mgeni akaandika.

Alipokwisha kutoka, Amne alikusanya vyombo, akavipeleka jikoni. Aliporudi sebuleni, bibi alikuwa amejikunja kitini.

"Nimekudhalilisha, Amne."

"Mimi si kitu. Mbona ulikataa?"

"Nilifungua mdomo, nikamwona amesimama nyuma ya kiti cha mgeni. Ananitazama, anangoja kama nitamharibia."

"Amekufa, bibi. Mwaka huu wa tisini na nane ametimiza miaka sitini kaburini."

"Kwako wewe."

Amne akaenda dirishani. Kule chini mgeni alikuwa amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, anangoja magari yapite.

"Bado yupo. Nikishuka na lifti namuwahi. Nikamwite?"

Bi Winnie alijikaza kuinuka, mikono yote miwili juu ya kiti. Midomo ilimcheza. Amne alikuwa ameshashika kitasa, akimwomba Mungu kimoyomoyo ampe mja wake neno moja tu.

"Amne."

"Abee, bibi."

"Ameshavuka?"

Amne alirudi akachungulia. Robot ilikuwa imebadilika. Mtu yule alikuwa katikati ya barabara, jalada kwapani.

"Anavuka."

"Basi mwache," alisema Bi Winnie, akakaa, macho kwenye picha ya ukutani. "Mtu asije akaniambia nilimuua mimi."