Anaumwa Tumbo Tu

Wewe ukiulizwa unaumwa wapi, na mkwe wako amesimama karibu hivi hata unasikia anavyotafuna chingamu, utajibu nini?

Chepkurui alijibu, "Tumbo."

Karani wa dirishani hakuinua macho. "Tumbo, chumba namba nne. Mwingine!"

Chumba namba nne alikuwa anakijua. Mara ya kwanza alipewa huko dawa ya minyoo. Mara ya pili akapewa vile vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya peremende, eti ni vidonda vya tumbo. Alivitafuna vyote. Damu iliyokuwa ikimtoka haikuacha. Ikafika mahali akawa anavaa kamisi mbili chini ya rinda la kahawia, na hata kwenye benchi la hospitali hakukaa kabla ya kukunja leso na kuiweka chini.

Kilichomtia hofu si damu peke yake. Kaka yake Kiplimo aliugua hivyo hivyo, na watu wa nyumbani wakasema ni tumbo. Baba yao pia, zamani, alizikwa ikisemwa ni tumbo. Lakini Kiplimo alipokuwa amelazwa, daktari mmoja wa kike alimvuta Chepkurui kando, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nafuma sweta za shule, huko mtaani Rhonda."

"Ukikosea mshono?"

"Nafumua, narudia."

"Basi utanielewa. Mwili unajifuma upya kila siku, na ndani ya kila chembe kuna kitu ambacho kazi yake ni kufumua makosa. Kwenu naona watu wanarithishana kikiwa kibovu. Kosa linafumwa juu ya kosa. Kinundu kidogo kwenye utumbo mpana, ambacho kwa mwingine kingekaa miaka mingi bila neno, kwenu kinakimbilia kuwa saratani. Nyinyi ndugu zake muangaliwe ndani ya utumbo kwa kamera mapema, hata kabla hamjaumwa."

Chepkurui alitaka hiyo kamera. Hakutaka kingine. Lakini ili aipate ilibidi aseme damu inatoka wapi, na Kinyanjui, mume wa binti yake Lynn, alikuwa hambanduki. Lynn hakupewa ruhusa kazini, kwa hivyo mume ndiye aliyemsindikiza. Na mama mkwe hataji mambo ya choo mbele ya mkwe, kwao Chepkurui wala kwa kina Kinyanjui. Afadhali ardhi immeze.

Angemfukuza vipi? Januari ile ya vita vya baada ya uchaguzi, majirani walipomwambia amrudishe mke wake Mkalenjin kwao, Kinyanjui alifunga mlango akaketi nyuma yake mpaka kukatulia. Mtu kama huyo humwambii toka nje.

Wakaingia wote wawili. Njuguna, kijana wa koti jeupe, alikuwa akibonyeza simu.

"Mathe, ni nini tena?"

"Ni tumbo, daktari," Kinyanjui akamjibia. "Ulcers. Hata githeri siku hizi hali."

"Apunguze pilipili."

"Mimi sili pilipili," Chepkurui akasema.

"Basi punguza mawazo." Kalamu ilikuwa tayari inatembea. Hakumgusa. Hakumuuliza hata choo chake kikoje.

"Daktari, kuna ile kamera..."

Njuguna akacheka. "Kamera? Mathe, hiyo ni ya wazee, na wewe bado uko na nguvu. Halafu ya hapa iliharibika mwaka jana. Wanaoenda Nairobi wanaandikiwa barua, na lazima kuwe na sababu nzito. Yako ni gani? Tumbo?"

Mlango ulikuwa wazi na foleni yote inasikiliza. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, Awuor, akapaza sauti, "Mathe, si utoke na sisi tuingie! Kwani ni wewe pekee uko na tumbo?"

Watu wakacheka. Kinyanjui akapokea karatasi ya dawa, akaikunja vizuri. "Twende, Mama. Nitakununulia maziwa hapo nje, yatakutuliza."

Chepkurui aliinuka. Alifika mlangoni, akaona watu wa foleni wanavyojisogeza kumpisha, tayari wamemsahau. Akarudi akakaa, safari hii bila kutandika chochote.

"Mama?" Kinyanjui akashangaa.

"Baba Shiku, kaa chini," Chepkurui akamwambia mkwe wake. "Na wewe usikie, kwa sababu watoto ni wako."

"Mathe, kuna watu wanangoja," Njuguna akasema.

"Wangoje. Weka kalamu chini, daktari. Mimi nikienda choo natokwa na damu. Inatoka nyuma, tangu mvua za Machi. Baba yangu alikufa hivyo, kaka yangu akafa hivyo, na sisi tukaita tumbo kwa sababu ya aibu. Si tumbo. Ni saratani ya utumbo, na kwetu inarithiwa. Niandikie barua ya kamera. Na ya Lynn pia."