Ngwini Arobaini wa Mjomba Polikarpo

Mie ndiye niliyesema tunaweza. Mama mmoja wa shirika la kulinda ndege, huko Afrika Kusini, aliniuliza kwa WhatsApp, ninakouzia vinyago, kama mjomba wangu amewahi kuchonga ngwini. Nikamjibu, "Kila siku." Mjomba Polikarpo anachonga vinyago hapa Wazo mwaka wa thelathini na sita huu, na ngwini hajawahi kumwona hata kwenye kanga.

Ishu yenyewe ni hii. Ngwini ni ndege asiyeruka, anaogelea tu, na wa kule wanakwisha kwa sababu samaki wa pwani yao wamepungua. Kuna ufuko mwingine wenye samaki tele, ila hawakai, maana wakifika hawakuti mwenzao. Basi shirika lilitaka ngwini arobaini wa mti, wasimamishwe pale kabla ya msimu wa kutaga, ili wa kweli wakipita wadhani pana watu. Wakatuma picha ya mmoja na kusisitiza: wote wafanane naye.

"Utawachonga kwa mpingo?" nilimuuliza mjomba.

"Mpingo wenyewe unakwisha. Tuokoe ndege tumalize mti, una akili wewe?" Akaagiza magogo ya mwembe.

Siku tatu aliangalia video kwenye simu yangu, akanimalizia bando, tezo hajaigusa. Baada ya wiki tano nikaenda kuona kazi. Jamani! Mmoja anajikuna. Mmoja kalala. Wawili wamenuniana.

"Mjomba, wamesema wafanane!" nilifoka. Shikamoo nilishaitoa mlangoni, kwa hiyo nilikuwa na haki.

"Yustina, wewe ukifika mahali ukakuta watu arobaini wamesimama sawasawa, wote wanakukodolea macho, utakaa?"

Nikaanza kuwahesabu kwa hasira.

Halafu nikamwona wa mwisho, kando ya kopo la rangi. Shingo imeinama kushoto kidogo, kifua mbele, anatazama mlangoni. Mama yangu, Filomena, dada yake mjomba, tuliyemzika mwaka juzi, alikuwaga anasimama hivyo hivyo mgeni akipiga hodi, na kabla hata ya salamu anauliza, "Umekula?" Nikajifanya nasoma maandishi ya kopo. Mjomba naye akajifanya anatafuta msasa.

Mzigo ukaenda. Yule mama wa shirika alipoufungua aliandika, "Hawafanani." Akaongeza kwamba msimu umeshaanza, hana muda wa kuagiza wengine, atawasimamisha hivyo hivyo, na mwaka huu asipokuja ndege hata mmoja, mradi unafungwa.

Niliogopa, sisemi uongo. Ndege wanakwisha duniani, na aliyewadanganya watetezi wao yuko Wazo, anauza vinyago. Miezi miwili ikapita kimya. Nilimtukana mjomba kimoyomoyo, kisha nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Jumanne moja video ikaingia. Nikakimbia nayo hadi kwenye banda la kuchongea.

Ngwini mmoja, wa kweli, anatoka majini, amelowa, mbavu zinahesabika. Anampita anayejikuna. Anawapita walionuniana. Anafika mbele ya yule aliyesimama kama mama yangu, anasimama, anamtazama weee, halafu anajisogeza ubavuni kwake na kutulia. Chini ya video yule mama wa shirika ameandika kwamba leo ni siku ya tisa, hajaondoka, na jana wamekuja wengine wawili.

Nililia, na wala sikujificha. Mjomba aliirudia video mara nne, uso mkavu, tezo bado mkononi.

"Kakonda," alisema akinirudishia simu. "Hebu muulize huyo mama kama mgeni wetu amekula."