Mama Kochi Awaaga Wageni

Mama Kochi alikuwa fundi wa makochi, na mtaani kwao hakuwa na mpinzani. Ungempelekea kochi lililochoka, springi zimetoka nje kama zinachungulia wapita njia, naye angelivua nguo zote, akalikaza mikanda, akalijaza sponji mpya na kulirudisha likiwa limependeza mpaka wenyewe mnaogopa kulikalia. Mume wake alikuwa mwalimu wa hesabu, asiyejua hata kupigilia msumari. Lakini watu walimwita Baba Kochi, na wengine walimsimamisha njiani kumuuliza habari za vitambaa. Alishachoka kukanusha. Siku hizi alikuwa anajibu tu, "Chukua cha kijivu, hakionyeshi uchafu."

Jumamosi moja Mama Kochi alikuwa kwenye karakana yake, uani, anavisha ngozi kochi la daktari wa meno. Kuvuta ngozi kunataka mwili mzima. Unaegemeza kifua kwenye mkono wa kochi, unaishika ngozi kwa mikono miwili, unavuta huku umeuma meno. Akaegemea. Upande wa kulia ukatulia. Upande wa kushoto ukachoma kama umeguswa na pasi, akaiachia ngozi, nayo ikarudi kwa kasi ikamchapa kidevuni.

Mumewe, aliyekuwa anamletea chai, akasimama pale pale. "Vipi tena?"

"Mgeni wa kushoto kaamka vibaya."

Hao wageni walikuwa wawili, wa silikoni, na walikuwa wamekaa kifuani kwa Mama Kochi miaka kumi na kitu. Jina walipewa na mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa mkunga mstaafu, aliyeona matiti ya wanawake wa mtaa mzima na kuyataja bila kupepesa macho, lakini ya binti yake yalimshinda ulimi. "Hao wageni wako," alisema siku ya kwanza alipoyaona, halafu akageuza uso ukutani. Jina likanata. Mpaka mume akawa anauliza, "Wageni hawajambo?"

Na Mama Kochi hakuwa amelazimishwa na mtu. Baada ya kunyonyesha mapacha wawili wasioshiba, kifua chake kilikuwa kimebaki kama soksi mbili zilizoanikwa. Alijitazama kwenye kioo, akasema, mimi kazi yangu ni kurudishia watu vitu vyao vilivyobonyea, halafu mwenyewe nitembee hivi? Akaenda kwa daktari wa upasuaji. Na aliwafurahia wageni wake, tusidanganyane. Magauni yalikaa. Aliingia kwenye sherehe kifua kikiwa kimetangulia na yeye akifuata taratibu nyuma, kama mtu aliyetumwa kuangalia kama kimefika salama.

Sasa yule wa kushoto alikuwa amebadilika tabia. Amekuwa mgumu, halafu amepanda juu karibu na mfupa wa bega, kama anasikiliza maneno ya majirani. Wa kulia kabaki palepale, mpole, ametulia. Mama Kochi alikuwa amejifanya haoni kwa miezi mingi, anafunga mtandio upande mmoja. Lakini siku ile kidevu kilikuwa kimevimba, na kisingizio kimekwisha.

Akaenda hospitali akisindikizwa na mdogo wake, muuza vipodozi, mwanamke wa kope ndefu na maoni marefu zaidi. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye mikono ya baridi. Akamminya, akampiga picha kwa mashine, akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwili umejenga ukuta kuuzunguka mfuko," akasema. "Huu ukuta unakaza na kuubana, ndiyo maana unasikia maumivu. Hujapasuka, usiogope. Ila hautalainika wenyewe. Tunaweza kutoa yote miwili tukaweka mipya, au tukatoa tu, basi. Wewe mwenyewe utaamua."

"Mipya!" mdogo mtu akadakia kabla dada hajafungua mdomo. "Tena uongeze kidogo, dada. Umri nao umeongezeka."

Daktari akafungua droo, akatoa mifuko ya kuonyeshea wateja, mikubwa na midogo, akaipanga mezani. Hapo Mama Kochi akasahau kabisa kwamba yeye ni mgonjwa. Akaanza kuikagua. Akabonyeza mmoja kwa kidole gumba, akasubiri kuona unarudi haraka kiasi gani. Akanusa. Akaunyanyua mwingine kwenye mwanga.

"Kazi nzuri hii," akasema kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Mshono uko wapi?"

"Hauna mshono," daktari akasema huku akijizuia kucheka. "Niweke nafasi ya upasuaji?"

"Nitafikiria," akajibu Mama Kochi, na njia nzima mdogo wake akafikiria kwa niaba yake, kwa sauti ya juu.

Angeweza kuendelea kufikiria mpaka leo, kama si lile kochi la daktari wa meno. Lilipelekwa, likasifiwa, likawekwa chumba cha kusubiria. Haikupita wiki, daktari wa meno akapiga simu.

"Fundi, wagonjwa wangu wanakaa upande upande."

"Upande upande vipi?"

"Wameinama wote, kama wako kwenye mashua. Wengine wanadhani ni jino linalowavuta."

Mama Kochi aliona aibu iliyomshuka mpaka kwenye nyayo. Kochi likarudishwa. Na kosa alilijua hata kabla ya kulishusha kwenye gari. Zamani, kila alipomaliza kochi refu, alikuwa analala juu yake kifudifudi, mikono ameinyoosha, anasikiliza kwa mwili mzima wapi pamezidi na wapi pamepungua. Tangu wageni waje, kulala kifudifudi kukawa ni sawa na kulalia mabakuli mawili. Ile kazi ya kupima akampa mumewe. Na mumewe, kila akilala juu ya kochi jipya, alikuwa anapitiwa na usingizi, akiamka anasema, "Zuri sana." Hakuwahi kusema neno lingine. Lingekuwa na tofali ndani, angesema zuri sana. Na safari hii, kwa maumivu yale, upande wa kushoto Mama Kochi alikuwa ameuvuta kwa nusu nguvu.

"Wewe hili ulilipima?" akamuuliza siku hiyo, ameshika kiuno.

"Nililipima."

"Ukasema nini?"

"Nilisema... si nilisema zuri?"

Mama Kochi akavua viatu kwa hasira, akapanda mwenyewe juu ya kochi, akajilaza kifudifudi. Akageukia kulia, akageukia kushoto, akanyanyuka kidogo kwa viwiko kama mjusi kwenye ukuta. Maumivu yakamchoma. Akabaki hapo katikati, hajalala, hajainuka, na uso wa jasho. Mumewe akaja kumshika mkono, akakaa sakafuni karibu na kichwa chake.

"Niambie," Mama Kochi akasema. "Niweke wapya au niwatoe?"

Baba Kochi akatazama dari. Karakana haikuwa na dari, kwa hiyo akatazama bati. Hili ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu siku ya hospitali. Mara asahihishe mitihani, mara akatengeneze feni, ambayo haikuwa mbovu mpaka alipoitengeneza.

"Mke wangu, hili swali halina jibu. Nikisema watoe, utasema kumbe sikuwapenda siku zote. Nikisema weka wapya, utasema napenda silikoni kuliko wewe. Nikisema uamue mwenyewe, utasema sijali."

"Sema ukweli. Sitakasirika."

"Hapo ndipo unapokuwaga umeshakasirika."

Mama Kochi akacheka bila kutaka, na kucheka kukamuuma. Mumewe akaona, uso wake ukabadilika.

"Haya, ukweli," akasema. "Niliwafurahia. Nikikataa nitakuwa mwongo, na wewe ulikuwepo, unajua. Lakini nilikuoa kabla yao, na sikukuoa kwa kukosea. Halafu kuna kitu sijawahi kukwambia. Zamani ulikuwa unalala kifudifudi, umetawanyika kitanda kizima, mkono mmoja usoni kwangu, unakoroma bila wasiwasi. Siku hizi unalala chali, mikono kifuani, umetulia tuli. Kuna siku naamka nasikiliza kama unapumua."

Mama Kochi akajigeuza taratibu, akakaa. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa urembo, kwa habari za magauni na watu watasemaje. Hakujiandaa kwa hili. Akajiuliza anataka nini hasa, yeye, si mdogo wake wala watu wa kwenye sherehe, na jibu likaja jepesi mno, karibu alionee haya. Alitaka kulalia tumbo. Alitaka kukumbatia kochi la mtu na kulivuta mpaka likubali. Magauni yangeshonwa upya.

"Wanaondoka," akasema.

"Wote wawili?"

"Sasa nibaki na mmoja wa nini, wa kumpeleka sokoni?"

Kwa mama yake alikwenda peke yake. Alitegemea vigelegele, maana bibi huyo alikuwa amepinga wageni tangu mwanzo, akamnunia binti yake miezi mizima, na siku ya upasuaji alikataa hata kuaga. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Hapana."

"Hapana nini, mama?"

"Nimeshawazoea."

"Mama! Si wewe uliyesema nimejijaza sponji kama makochi ya wateja?"

"Nilisema. Ilikuwa zamani. Sasa hivi picha zote za ukutani uko nao. Wajukuu wamekua wanakuona hivyo. Unataka watu waulize wamekwenda wapi?"

Mama Kochi akabisha, bibi naye akabisha, mpaka mchele ukasahaulika. Ghafla sauti ya bibi ikapungua.

"Wewe unadhani siku ile ya upasuaji nilikuwa nyumbani," akasema. "Nilikuwa kule. Nimekaa benchi la mwisho, nimejifunika mtandio mpaka puani ili mumeo asinione. Miaka yote nimepeleka wanawake kwenye vile vyumba, sijawahi kuogopa. Siku ile walipokupitisha umelala, nilishikilia benchi kwa mikono miwili. Nilikaa mpaka nikasikia umeamka, ndiyo nikaondoka. Nikaendelea kununa. Sasa unaniambia unarudi tena kulazwa vile vile? Kwa hiari yako?"

Mama Kochi alimfikiria mama yake, mwanamke wa sauti kubwa namna ile, amejibanza kwenye benchi kama mwizi wa kuku. Akapiga magoti, akamshika mikono, vumbi la mchele likiwa limewanata wote wawili.

"Safari hii usijifiche. Njoo ukae mbele. Ununie hapo hapo."

Bibi akaja, na akakaa mbele. Alimhoji muuguzi kama amekula, alimhoji daktari kama amelala. Baba Kochi alikuwa pembeni akishika mkoba, na mdogo mtu akishika kioo cha mkononi akitengeneza kope zilizolowa. Mama Kochi alipofungua macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mama yake, ameinama juu yake anahesabu pumzi kwa midomo.

"Wameondoka?" akauliza kwa ulimi mzito.

"Wameondoka salama," bibi akasema. "Yule wa kushoto alileta ubishi, daktari kaniambia. Amenionyesha kwenye sinia. Vidogo tu vile! Ndivyo vilivyokuwa vinatutambia miaka yote hiyo?"

Bandeji zilipotolewa, Mama Kochi alijifungia chumbani na kioo. Kifua kilikuwa kimelala, ngozi imekunjamana, makovu bado mekundu. Akalia kidogo. Hakujuta, ila wale wageni walikuwa nao wamemfurahisha, na mtu akiondoka nyumbani nafasi yake huonekana. Halafu akapitisha kiganja kutoka bega mpaka mbavu. Mkono ulipita moja kwa moja, haukugongana na kitu. Akarudia tena. Akajikuta anafanya vile alivyokuwa anafanya kwenye kochi lililonyooka, na akacheka peke yake.

Kidonda kilipopona, mdogo wake akamburuta kwenda dukani kununua sidiria mpya. Muuzaji akampima kwa futi, akaingia ndani, akarudi na kasha kubwa. Zilikuwa za kila aina: za kunyanyua, za kusogeza, za kujazia, moja ilikuwa na sponji nene kiasi kwamba Mama Kochi aliigeuza akaikagua.

"Hii itabonyea mapema," akamwambia muuzaji.

"Dada, jaribu hata moja," mdogo mtu akabembeleza. "Watu watakuonaje?"

"Wataniona nimekuja."

Alijaribu mbili kwa ajili ya kumridhisha. Moja ilimbana, nyingine ilisimama yenyewe kifuani kama imeajiriwa na mtu mwingine. Akazivua, akazirudisha kwenye kasha, akavaa blauzi yake na kufunga vifungo vyote mpaka cha juu, ambacho hakikuwa kimefungwa miaka nenda rudi. Njiani kutoka, kwenye rafu ya karibu na mlango, akaona viatu vya wazi, vyekundu, vyenye kisigino kidogo. Akavaa kimoja, akatembea hatua chache, akasimama kwa mguu mmoja kuvaa cha pili.

"Tulikuja kwa sidiria," mdogo wake akasema.

"Ndiyo," Mama Kochi akajibu, tayari anatoka mlangoni navyo, vile vya zamani vikiwa mkononi. "Mlipe basi, mimi natangulia."